Keki ya matunda na viungo ya Krismasi: anza mapema na punguza moto

Kila mwaka ikishafika kama tarehe 20 Desemba naanza kupokea meseji za aina moja, "jamani ile keki yako nyeusi unaifanyaje, nataka niipike kesho". Na kila mwaka nawajibu hivyo hivyo, kesho utapata keki sawa ila hutapata ile. Ile uliyokula kwangu ilipikwa mwezi mmoja na nusu kabla, ikakaa kabatini imefungwa kama mtoto mchanga huku naifungua kila wiki naipa kijiko kimoja kimoja cha brandi. Sasa mwaka huu naandika mapema ili tusilaumiane.

Hesabu ni rahisi. Krismasi ni tarehe 25 Desemba, ukirudi nyuma wiki 6 unaangukia tarehe 13 Novemba, hapo ndo pazuri kuoka. Ukichelewa hadi wiki 3 kabla bado itatoka tamu. Wiki moja kabla pia inawezekana, nitasema chini, ila usiifananishe na iliyokaa.

Mara ya kwanza kuipika niliichukulia kama keki zangu za kila siku. Nikawasha oveni 180, baada ya lisaa na dakika kidogo nachungulia juu imeshakuwa nyeusi, nyumba nzima inanukia, nikasema hii tayari, nikaitoa. Ile nakata mbele ya watu, katikati uji. Uji kabisa yaani, kisu kimetoka na rojo, halafu pembeni ukigonga na kucha inalia kama ubao. Niliitupa nusu na nusu nyingine tukaila kwa aibu.

Kosa sio mapishi, kosa ni moto. Hii keki matunda peke yake ni karibu nusu ya uzito wote, ni tofali lile, joto linachukua muda mrefu sana kufika katikati, na humo ndani kuna sukari nyingi (ya kuweka na ya kwenye matunda yenyewe) ambayo pembeni inaungua kabla kati haijajua kama kuna moto umewashwa. Kwa hiyo moto unakuwa mdogo na muda unakuwa mrefu, masaa matatu na zaidi. Ukiielewa hiyo umeshaielewa keki hii, mengine ni ya kawaida tu.

Vipimo vyangu ni vya treya ya duara ya sentimita 20 yenye kina, isipungue sentimita 7 kwenda juu. Matunda makavu jumla gramu 850, mimi naweka zabibu kavu nyeusi gramu 350, zile za rangi ya dhahabu 200, tende au prunsi (plamu kavu) au aprikoti kavu zilizokatwakatwa 150, cheri 100, na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwenye sukari 50. Usijifunge sana hapo, kama hupendi cheri toa ongeza zabibu, tini kavu nazo zinakaa vizuri, cha msingi ile jumla isiyumbe sana. Halafu siagi gramu 225, sukari ya kahawia iliyokolea gramu 225, mayai makubwa 4, unga wa ngano wa kawaida gramu 225, lozi za kusaga gramu 50 na lozi za kukatakata kama gramu 75. Molasi kijiko kimoja cha mezani, hii ndo inaleta ule weusi na ule uchungu kidogo wa nyuma. Chumvi robo kijiko cha chai. Ganda la juu la chungwa moja na la limao moja, likwangue ile rangi tu, ukifika kwenye weupe acha maana ni mchungu. Kama kuna mtu kwako lozi zinamdhuru zitoe zote, ongeza unga gramu 50 tu na maisha yanaendelea.

Hamira ya keki? Nusu kijiko cha chai kama roho inakusumbua. Wengi hawaweki kabisa na mimi siku hizi siweki, hii sio keki ya kuvimba, ikivimba sana inapasuka juu na inakuwa na vishimo.

Viungo sasa. Mdalasini kijiko cha chai kimoja na nusu, tangawizi ya unga kijiko kimoja, kungumanga nusu, iliki nusu, karafuu ROBO. Narudia robo kwa sababu najua kuna mtu atasema aah mimi napenda karafuu ngoja niongeze. Karafuu ikizidi ulimi unakufa ganzi na keki inanuka kwa daktari wa meno, na sio mfano huo, mafuta ya karafuu kweli yanatumika kwenye dawa za meno. Kungumanga nunua nzima ukwangue mwenyewe siku hiyo hiyo, tofauti yake na ya unga iliyokaa kwenye kopo ni mbingu na ardhi. Viungo vya zamani vijaribu hivi, mimina kidogo kwenye kiganja, sugua kwa kidole kikipata joto, nusa. Kama mpaka uvute pumzi mara mbili ndo usikie kitu, hicho ni vumbi, tupa.

Kuloweka matunda ndo kazi ya usiku wa kwanza, na watu wengi wanairuka. Zabibu kavu ni kavu, ukiitia hivyo hivyo kwenye rojo inaenda kunywa maji ya keki, unapata zabibu nzuri ndani ya keki iliyokauka kama mkate wa juzi. Kwa hiyo inywe kwanza. Matunda yote kwenye bakuli kubwa, mimina mililita 150 za brandi au ramu, weka yale maganda ya chungwa na limao uliyokwangua, koroga, funika, acha usiku kucha, na ukiweza acha siku 2 au 3 ukipita unakoroga. Kama hutumii pombe, weka juisi ya machungwa au chai ya rangi ya moto iliyokolea sana, kipimo kile kile, ila hiyo usiku mmoja unatosha, na kama nyumba ina joto ikishapoa weka kwenye friji isije ikachacha.

Utajuaje yamelowa? Chukua zabibu moja ibane kati ya vidole. Isiyolowa ina mikunjo na inakataa kubonyea katikati. Iliyolowa imejaa, ngozi imenyooka inang'aa, ukibana inapasuka na kutoa utomvu mzito. Chini ya bakuli kibaki kijiko kimoja viwili vya maji hivi, hivyo vitaingia na matunda, ila ukiona kimebaki nusu kikombe chuja, utakuja kuinywesha keki baadaye. Una haraka? Weka matunda na maji yake kwenye sufuria, moto mdogo dakika 10 bila kuchemka kwa fujo, zima, acha yapoe kabisa, lisaa au zaidi. YAPOE nimesema, ukiyatia ya moto siagi inayeyuka na kazi yote ya kupiga imepotea. Na kama ni brandi usiyaache peke yake jikoni, mvuke wa pombe unashika moto.

Cheri zile za kwenye sirapu zioshe kwa maji ya uvuguvugu, zikaushe kwa kitambaa, kata nusu nusu, utelezi wa sirapu ndo unaofanya zote zizame chini.

Kabla hujagusa siagi andaa treya, hii inaboa lakini ndo ngao yako kwa masaa yote yale. Ndani paka siagi, weka karatasi ya kuokea tabaka mbili chini na mbili kuzunguka pembeni, na ya pembeni ipite juu ya ukingo kama sentimita 5. Nje ya treya zungushia karatasi ya kaki au gazeti lililokunjwa mara kadhaa, funga na uzi wa pamba. Ile gazeti inazuia joto lisiipige keki pembeni moja kwa moja, na kwa joto dogo hili haiwaki. Ila kama oveni yako ni ya gesi na ule moto unauona kwa macho usiweke gazeti wala kaki, ongeza tu karatasi ya kuokea ndani zifike tabaka nne, sitaki kesi.

Oveni iwashe mapema, nyuzi 150, kama ina feni basi 130. Halafu zile namba za kwenye kitufe usiziamini sana, yangu ya zamani ilikuwa inadanganya kwa nyuzi 20 nzima na niligundua siku nimenunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani. Kama keki zako huwa zinaungua chini kila siku, hata za kawaida, anzia hapo kabla ya kulaumu unga.

Mayai na siagi vitoke kwenye friji masaa mawili kabla. Siagi iwe laini kidole kinaingia bila nguvu, ila isiwe inang'aa mafuta. Piga siagi na sukari kwa miksa dakika 6 mpaka 8, kwa mwiko ni zaidi na mkono utauma, mpaka rangi ya kahawia iliyokolea ifike rangi ya chai ya maziwa. Tia molasi. Mayai yapige pembeni kwanza kwenye kikombe, yaingize kidogo kidogo, kila ukiweka piga mpaka lipotee. Hapa ndo rojo huwa linajikata, unaona limekuwa vibonge vibonge na vimaji kama maziwa yaliyoharibika. Usipaniki, tia kijiko kimoja cha unga uendelee, linarudi. Hata lisiporudi lote hii keki ni nzito, inasamehe.

Chekecha unga na viungo na chumvi pamoja, weka lozi za kusaga, changanya na mwiko taratibu, miksa zima kabisa sasa. Kabla ya hapo chota vijiko viwili vya huo unga urushie kwenye matunda uyageuze yapate vumbi jepesi. Watu wanasema huu unga ndo unazuia matunda kuzama, mi naona unasaidia kidogo tu kwa kukausha ule utelezi, kinachoshika matunda hasa ni uzito wa rojo lenyewe. Ukinyanyua mwiko rojo linatakiwa ling'ang'anie, ulitikise mara moja ndo lidondoke puu. Kama linatiririka lenyewe, maji ya matunda yalikuwa mengi, ongeza unga kijiko kimoja viwili. Mwisho matunda na lozi za kukata, koroga kutoka chini kuja juu. Mkono utachoka kweli.

Jaza kwenye treya kidogo kidogo ukibana kwa mgongo wa kijiko ili pasibaki mashimo ya hewa. Sawazisha juu, halafu chimba kishimo kifupi cha bonde katikati, maana katikati ndo patapanda, ukifanya hivyo inatoka bapa. Zabibu zilizochomoza juu zizamishe na kidole kilicholowa maji, zikibaki nje zinageuka mkaa, na zabibu moja iliyoungua uchungu wake unaujua.

Ingiza oveni, rafu ya chini kidogo ya katikati, na usifungue lisaa na nusu la kwanza. Baada ya hapo chungulia, kama juu panaanza kukolea funika na foili au karatasi yenye tundu dogo katikati la kutolea mvuke. Kwa jumla ni masaa 3 hadi 3 na nusu, ila anza kuikagua ikifika masaa mawili na dakika 45 maana oveni hazifanani.

Kukagua kuna njia mbili. Moja kila mtu anaijua, kijiti kirefu cha mishikaki katikati mpaka chini, kikitoka na rojo rudisha, kikitoka kisafi imeiva. Tatizo kijiti kinaweza kupita kwenye zabibu kikatoka kinanata ukadhani bado, kwa hiyo choma sehemu mbili tatu, na kiguse kwa midomo, rojo linapaka kama uji ila zabibu inanata kama gundi tu. Njia ya pili naipenda zaidi, sikiliza. Itoe, sogeza sikio karibu (sio kwenye treya jamani, sikio hilo), keki mbichi inaimba, kuna kisauti cha tsss na viputo vinavyopasuka ndani, ni maji yanachemka bado. Iliyoiva inakuwa imenyamaza karibu kabisa, unasikia kimoja kimoja kwa mbali. Ikikaa kimya zii, kisauti hata kimoja hakuna, ujue umeichelewesha kidogo na itakuwa kavu, lakini hiyo inatibika.

Ikitoka bado ya moto, choma choma juu na kijiti uimwagie vijiko viwili vya brandi au juisi, utasikia inavyovuta. Halafu iache humo humo kwenye treya, funika na taulo safi juu, ipoe mpaka kesho yake. Mvuke unabaki ndani badala ya kukimbia. Usiitoe ya moto, inavunjika, na usiikate, najua inanukia, usiikate.

Kesho itoe, acha ile karatasi ya ndani usiibandue, ongeza nyingine mpya juu yake ndo ufunge foili. Foili isiguse keki moja kwa moja kwa sababu matunda yana asidi na wiki zikipita inaanza kuliwa vitobo na kuacha madoa ya kijivu. Weka kwenye bati lenye mfuniko au kontena la kubana, sehemu kavu, ya giza, isiyo na joto, mbali na jiko.

Kuinywesha ni kila baada ya siku 7 hadi 10, kijiko kimoja au viwili vya mezani, BASI. Wiki hii choma upande wa juu, wiki ijayo igeuze choma wa chini. Mwaka mmoja nilinogewa nikawa namwaga kila nikipita kabatini, kila nikipita, Krismasi ikifika keki inakaa kama dodoki, ukiikata inaporomoka na inakuchoma koo kabla hujahisi kiungo chochote. Pombe pamoja na ile sukari yote ndo inafanya ikae wiki kadhaa bila kuota ukungu, lakini haihitaji kuogelea. Acha kuinywesha wiki moja kabla ya kuipamba ili juu pakauke.

Ya juisi au chai haina huo ulinzi, kwa hiyo usiiache kabatini mwezi mzima. Ipike wiki moja au mbili kabla, kaa nayo kwenye friji imefungwa vizuri, au ipike mapema uigandishe kwenye friza, miezi 3 inakaa bila shida, itoe siku mbili kabla. Ukiwa na siku chache tu, loweka kwa njia ya sufuria, oka, na iache walau siku 3 bila kukata. Siku ya kwanza kila kiungo kinajisemea peke yake, karafuu huku tangawizi kule, siku ya tatu wameanza kuelewana.

Na tafadhali kama umeweka pombe sema. Ile hadithi kwamba moto unaimaliza yote sio kweli, na hii unaiongezea ikiwa imeshaiva, hapo hakuna moto wowote. Kuna wageni hawatumii kwa dini, kuna wajawazito, kuna watoto, kuna mtu ameacha na hataki hata kuinusa. Mimi napika mbili, ya juisi naifunga na uzi mwekundu nisichanganye.

Mapambo sina maneno mengi. Ukitaka ile nyeupe ya kizamani, chemsha jemu ya aprikoti na maji kidogo upake, lalisha tabaka la lozi iliyokandwa na sukari, iache ikauke siku moja au mbili ndo upake aisingi, ukiharakisha mafuta ya lozi yanatoka na kuacha madoa ya njano juu. Mimi napanga lozi nzima na cheri juu napaka jemu ya moto basi, inang'aa vizuri na watu wasiopenda sukari nyingi hawaanzi kubandua na kuacha maganda kwenye sahani.

Kukata tumia kisu cha mkate chenye meno, kirefu, ukisukume mbele na nyuma bila kukandamiza, ukifuta na kitambaa kibichi kila baada ya kipande maana kinanata. Vipande viwe vyembamba, unene wa kidole, ni nzito hii, mtu akitaka ataongeza. Inayobaki rudisha kwenye karatasi yake, ya brandi utaikuta bado nzuri Januari. Na kile kipande cha kwanza cha pembeni, kile ambacho hakisimami vizuri kwenye sahani, usimpe mgeni, hicho ni cha mpishi, na kinaliwa jikoni umesimama.